Viza ya J-1 ya Marekani ukiomba kutoka Kenya: mwongozo kamili, kuanzia mdhamini hadi siku 30 za mwisho

Wengi huanzia ubalozini. Wanafungua tovuti, wanaanza kujaza fomu, kisha wanakwama kwenye kisanduku kinachodai nambari ya SEVIS, yaani mfumo wa kompyuta ambao Marekani hutumia kufuatilia wanafunzi na wageni wa kubadilishana, ambayo hawajapata kuisikia. Viza ya J-1, yaani ile ya mipango ya kubadilishana wageni, haiombwi kama viza ya kutembea. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla hujaigusa fomu ya ubalozi, na unaifanya pamoja na shirika linaloitwa mdhamini. Mdhamini akikukubali na kukupa karatasi yake, mlima umeshaupanda nusu. Bila yeye huna cha kupeleka Gigiri.

Mpango wenyewe ulitungiwa sheria mwaka 1961, nao unasimamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Lengo lake rasmi ni watu wajifunze, wafundishe, wafahamiane, kisha warudi kwao. Shika hilo la kurudi, maana litajitokeza kwenye fomu, kwenye mahojiano, na kwa wengine hata baada ya mpango kwisha.

Kabla ya yote: pasipoti yako ni ya nchi gani?

Mwongozo huu ni wa mwombaji aliye Kenya na mwenye pasipoti ya Kenya. Jirani zetu kadhaa wamefungiwa mlango. Agizo la rais wa Marekani lilisimamisha viza za F na M (za wanafunzi) na za J kwa raia wa Burundi kuanzia Juni 9, 2025, na agizo la Desemba mwaka huohuo likaiongeza Tanzania kuanzia Januari 1, 2026. Somalia na Sudan Kusini ziliwekwa kwenye orodha kali zaidi. Kenya, Uganda na Rwanda hazikuwamo.

Mtanzania au Mrundi anayesoma hapa asilipe hata senti kwa mdhamini au ajenti kabla ya kuangalia travel.state.gov kama agizo bado linafanya kazi. Wapo walioachwa nje ya katazo, kwa mfano mwenye uraia wa nchi mbili anayesafiria pasipoti ya nchi isiyotajwa. Viza zilizokwisha kutolewa kabla ya tarehe hizo hazikufutwa na maagizo hayo.

Jambo la pili ni mahali. Tangu Septemba 2025, mwombaji anatakiwa kufanya mahojiano katika nchi ya uraia wake au anakoishi kihalali. Mkenya anayefanya kazi Doha au Dubai na ana kibali cha ukaazi anaweza kuomba hukohuko, asilazimike kupanda ndege kurudi Nairobi. Lakini kuruka hadi nchi nyingine kwa sababu umesikia foleni yake ni fupi sasa ni kutupa pesa.

Tafuta kundi lako

J-1 ni jina moja lenye makundi zaidi ya kumi ndani yake, na kila kundi lina masharti yake. Ukikosea kundi, kila kitu kinachofuata kitakuwa kimepinda.

Mwanafunzi wa chuo kikuu anaingia J-1 pale gharama zake zinapobebwa kwa sehemu kubwa na mtu au taasisi nje ya familia yake, kama vile serikali, chuo au mfuko wa masomo, au pale vyuo viwili vina mkataba wa kubadilishana wanafunzi. Kama ni baba na mjomba wanaolipa karo yote, viza yako ni F-1 na safari yako ni nyingine.

Kundi la intani ni la aliye chuoni nje ya Marekani, au aliyehitimu ndani ya miezi 12 iliyopita. Anakwenda kupata mafunzo ya kazi katika fani yake kwa muda usiozidi miezi 12. Aliyekwisha kufanya kazi huangukia kundi la mafunzo ya wataalamu: awe na shahada au stashahada pamoja na mwaka mmoja wa uzoefu, au uzoefu wa miaka 5 bila cheti hicho. Huyo anaweza kukaa hadi miezi 18, isipokuwa fani za hoteli na kilimo ambako mara nyingi ni 12.

Mwalimu wa shule ya msingi au sekondari anahitaji shahada na angalau miaka 2 ya kufundisha. Anapewa hadi miaka 3, na inaweza kuongezwa. Watafiti na maprofesa hufika miaka 5, lakini wakimaliza hawawezi kurudi katika kundi hilo mpaka miezi 24 ipite. Wapo pia wanafunzi wanaokwenda kufanya kazi za msimu kwa muda usiozidi miezi 4 wakati wa likizo ndefu, walezi wa kambi za watoto, na vijana wa miaka 18 hadi 26 wanaoishi na familia na kulea watoto wake, wale wanaoitwa au pair.

Wapenzi wa lugha yetu wana mlango wao: mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha, ambao kwa miaka mingi umewapeleka vijana wa Afrika Mashariki kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Unaombwa kupitia ubalozi, na viza yake ni hii hii ya J-1.

Daktari anayetaka kufanya mafunzo ya ubingwa na kugusa wagonjwa ana mdhamini mmoja tu, ECFMG, na lazima apate barua kutoka Wizara ya Afya ya nchi yake inayosema taifa linahitaji ujuzi huo.

Hapa niseme wazi, kwa sababu ndipo Wakenya wengi wanapoliwa. Sheria inakataza intani na wanamafunzo kuwekwa kwenye kazi za kibarua, kulea watoto, kutunza wazee, au kuhudumia wagonjwa moja kwa moja. Ajenti wa mjini anayekuuzia "J-1 ya kutunza wazee" au "J-1 ya unesi" anakuuzia kitu ambacho hakipo. Usibishane naye. Ondoka.

Mdhamini na mwenyeji ni watu wawili

Mdhamini ni taasisi iliyoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kuendesha mpango. Mwenyeji ni mahali utakapokuwa: shule, kampuni, maabara, familia. Wakati mwingine wanakuwa kitu kimoja. Chuo kikuu kinachokualika kama mtafiti mara nyingi ndicho mdhamini wako, na ofisi yake ya wageni wa kimataifa itakushughulikia bure au kwa ada ndogo. Lakini hoteli ya Florida inayotaka kukufunza haiwezi kukudhamini yenyewe. Itabidi ipitie shirika la udhamini, na huko ada huweza kuzidi dola 1,000.

Orodha ya wadhamini wote iko kwenye j1visa.state.gov, na unaweza kuichuja kwa kundi. Fanya hivi: kila jina unalotajiwa, litafute humo. Kama halimo, mazungumzo yameisha. Kama limo, usitumie nambari ya simu uliyopewa na ajenti. Chukua mawasiliano kutoka kwenye orodha, waandikie mwenyewe, uwaulize kama wanamfahamu huyo anayejiita mwakilishi wao. Wadhamini wa kweli wana washirika wao huku na hawaoni aibu kuwataja.

Uliza pia, kwa maandishi, pesa zinazorudishwa viza ikikataliwa. Jibu la swali hili litakuonyesha mengi kuhusu unayeshughulika naye. Mdhamini mzuri ana sera iliyoandikwa. Tapeli anakuambia usiwe na wasiwasi, viza ni hakika, ilhali hakuna binadamu nje ya dirisha la konsula, yaani afisa wa viza wa ubalozini, anayeweza kuahidi viza.

Mdhamini atataka pasipoti, vyeti vya masomo na matokeo yake, wasifu, barua za marejeo, uthibitisho wa pesa, na mara nyingi atakupigia video asikie Kiingereza chako. Walimu huombwa pia cheti cha usajili wa TSC na cheti cha tabia njema cha DCI. Hicho cha DCI kinaombwa kupitia eCitizen, kisha unakwenda kuchukuliwa alama za vidole. Kiombe mapema, maana kuna nyakati kinachelewa. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 6 zaidi ya muda utakaokaa.

Anza haya yote miezi 6 hadi 9 kabla ya siku unayotaka kusafiri.

DS-2019, na DS-7002 kwa wanaohitaji

Mdhamini akikukubali, anakutolea fomu DS-2019. Hii ndiyo karatasi yenyewe. Siku hizi mara nyingi huja kwa baruapepe ikiwa na sahihi ya kidijitali. Unaichapisha na kuitia sahihi yako. Ina nambari ya SEVIS inayoanza na herufi N, nambari ya mpango, kundi lako, tarehe ya kuanza na kumaliza, na nani anagharamia kiasi gani.

Isome herufi kwa herufi kabla ya kulipa chochote. Jina lazima lifanane na pasipoti. Watu wa Pwani, na wengi wa Kaskazini Mashariki, tunaobeba jina letu, la baba na la babu, ndio tunaoumia hapa: pasipoti inasema Fatma Ali Mwinyi, mdhamini ameandika Fatma Ali kwa sababu ndivyo ilivyo kwenye cheti cha shule. Mwandikie arekebishe. Tarehe ya kuzaliwa vilevile. Wamarekani huanza na mwezi, kwa hiyo 04/07 kwao ni Aprili 7.

Intani na wanamafunzo wana fomu ya ziada, DS-7002, ambayo ni mpango wa mafunzo. Inaonyesha awamu za mafunzo, utajifunza nini katika kila awamu, na nani atakusimamia. Inatiwa sahihi na wewe, mwenyeji na mdhamini. Kanuni zinataka angalau saa 32 kwa wiki, na kazi za karani zisizidi asilimia 20. Wengi huitia sahihi bila kuisoma, halafu konsula anaishika mkononi na kuwauliza: awamu ya pili utafanya nini? Ukibabaika, anaona mtu anayekwenda kutafuta kibarua. Isome mpaka uweze kumweleza nyanya yako.

Sharti la miaka miwili

Hili liulize kabla ya kukubali nafasi. Baadhi ya wenye J-1, mpango ukiisha, hutakiwa kurudi na kuishi katika nchi yao kwa jumla ya miaka 2 kabla ya kupata viza za kazi za H au L, viza ya uchumba ya K, au grini kadi. Linaitwa 212(e), kwa jina la kifungu cha sheria.

Linakushika kwa njia tatu. Ya kwanza, mpango wako umegharamiwa kwa namna yoyote na serikali ya Marekani au ya kwenu. Fulbright wote wamo humo. Ya pili, fani yako ipo kwenye orodha ya ujuzi unaohitajika nchini kwako. Orodha hiyo ilirekebishwa Desemba 2024, kwa hiyo usitegemee ushauri wa rafiki aliyekwenda miaka ya nyuma. Ya tatu ni madaktari wa ubingwa.

Alama yake huwekwa chini ya DS-2019 na kwenye viza yenyewe, ingawa afisa huweza kukosea, na unaweza kuiomba Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani itoe maoni rasmi. Upo pia msamaha, unaoombwa kwa fomu DS-3035 na ada ya dola 120. Njia ya kawaida ni barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka serikali ya Kenya kupitia ubalozi wake Washington, lakini madaktari hawawezi kutumia njia hiyo, na waliogharamiwa na serikali ya Marekani ni nadra kufanikiwa.

Kwa mtu mwenye kazi ya kurudia nyumbani, sharti hili ni jepesi. Kwa aliyepanga kuoa au kuolewa huko, ni mlima. Ni afadhali ujue sasa.

Malipo

Ada ya SEVIS, fomu I-901, hulipwa kwenye fmjfee.com. Ni dola 220 kwa makundi mengi, na dola 35 kwa kazi za msimu, walezi wa kambi na au pair. Mipango ya serikali ya Marekani ambayo nambari zake zinaanza na G-1, G-2 au G-3 hailipi. Chapisha risiti.

Ada ya kuomba viza ni dola 185, hairudishwi hata ukinyimwa. Fuata maelekezo ya malipo yaliyo kwenye ukurasa wa kupanga miadi, usimtumie mtu pesa akulipie. Juu ya hizo, sheria iliyosainiwa Julai 2025 iliweka ada nyingine ya dola 250 kwa kila viza itakayotolewa. Angalia ukurasa wa ada wa ubalozi siku unayolipa, uone kama imeanza kutozwa, na uwe umeiweka kwenye bajeti.

Mke, mume au watoto wasiofikisha miaka 21 wanaokufuata huomba J-2. Kila mmoja ana DS-2019 yake na ada yake ya viza, lakini ada ya SEVIS haiwahusu. Mwenza wa J-2 anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi akishafika.

Fomu DS-160

Inajazwa kwa Kiingereza kwenye ceac.state.gov. Andika nambari ya ombi lako mahali salama mara tu inapojitokeza, kwa sababu ukurasa hukutoa ukikaa kimya kama dakika 20. Hifadhi kila ukurasa.

Inauliza akaunti zako za mitandao ya kijamii za miaka 5 iliyopita. Zitaje zote, hata ile ya zamani uliyoisahau. Tangu Juni 2025, waombaji wa F, M na J wanaambiwa waziweke wazi akaunti hizo zisomwe na maafisa. Kufuta kila kitu usiku wa kuamkia mahojiano kunaonekana vibaya kuliko picha zako za harusi na malalamiko kuhusu Gor Mahia.

Inauliza pia kama una ndugu Marekani na kama umewahi kunyimwa viza. Sema ukweli. Kunyimwa zamani hakukuzuii. Kudanganya kunaweza kukufungia milele. Na usimwachie mtu wa saiba akujazie huku wewe unakunywa chai, maana anayetia sahihi ni wewe.

Picha iwe ya sentimita 5 kwa 5, mandhari meupe, bila miwani, isiyozidi miezi 6.

Ukimaliza, chapisha ukurasa wa uthibitisho wenye msimbo-pau. Nambari hiyo lazima iwe ileile uliyotumia kupanga miadi. Ukijaza fomu mpya, nenda ubadilishe kwenye miadi pia. Kama nafasi zilizopo zinapita tarehe yako ya kuanza, chukua ya karibu zaidi kisha uombe kuharakishiwa, ukiambatanisha DS-2019. Hakuna ajenti mwenye tarehe za kuuza.

Siku ya mahojiano

Ubalozi uko United Nations Avenue, Gigiri. Fika mapema, bila begi kubwa wala kompyuta. Beba pasipoti, uthibitisho wa DS-160, risiti, picha, DS-2019, DS-7002 kama unayo, vyeti, na uthibitisho wa pesa. Utachukuliwa alama za vidole, kisha utasimama dirishani. Mazungumzo ni mafupi, na faili lako nene huenda lisifunguliwe kabisa. Maneno yako ndiyo yatakayobeba.

Kisheria, konsula anaanza kwa kukuhesabu kama mtu anayetaka kuhamia, mpaka umwonyeshe vinginevyo. Hicho ndicho kifungu 214(b) kilichoandikwa kwenye barua nyingi za kukataliwa. Maswali huzunguka mambo manne: unakwenda kufanya nini, kwa nini hapo, nani analipa, na baadaye nini. Hilo la nne ndilo linaloangusha watu. "Nitarudi kwa sababu naipenda nchi yangu" halimshawishi yeyote. Mwalimu aliye kwenye likizo isiyo na malipo na barua ya shule, mhandisi anayeweza kutaja kampuni za Mombasa zinazohitaji ujuzi anaokwenda kuupata, mwanafunzi aliyebakiza mwaka mmoja JKUAT: hao wana jibu lenye mwili.

Jibu ulichoulizwa, kisha nyamaza. Usikariri hotuba, konsula ameisikia asubuhi hiyo kutoka kwa wengine waliofunzwa na ajenti yuleyule.

Ukipewa karatasi ya 221(g), hujakataliwa moja kwa moja: kuna waraka unaokosekana au ombi linachunguzwa zaidi. Fuata maelekezo yaliyoandikwa na umjulishe mdhamini, kwani anaweza kusogeza tarehe ya kuanza. Ukinyimwa kwa 214(b) hakuna rufaa, ila unaweza kuomba upya. Usiombe wiki inayofuata ukiwa na hadithi ileile; subiri kitu kibadilike.

Viza ikitoka

Nunua tiketi ukiwa na pasipoti mkononi, si kabla. Kagua jina, kundi na tarehe kwenye viza. Unaweza kuingia Marekani hadi siku 30 kabla ya mpango kuanza, usizidishe. DS-2019 ibaki kwenye mkoba wa mkononi, maana afisa wa mpakani atakuomba kabla hujafika kwenye mizigo. Ukishaingia, pakua rekodi yako ya kuingia nchini, iitwayo I-94, na uikague: tarehe ya viza ni ya kukufikisha mlangoni, na muda wako wa kukaa unafuata rekodi hiyo pamoja na DS-2019.

Bima ni lazima kwa muda wote: angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, 50,000 za kukusafirisha kwa matibabu, 25,000 za kurudisha mwili, na kiasi unachojilipia mwenyewe kisizidi dola 500. Bima rahisi ya watalii inayouzwa mjini mara nyingi haifikii viwango hivyo. Mtumie mdhamini nakala aihakiki kabla hujalipa.

Mjulishe mdhamini umefika ili akuandikishe SEVIS, na kila ukihama nyumba mpe anwani mpya ndani ya siku 10. Anayelipwa mshahara aombe nambari ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani), na akague hati yake ya kwanza ya malipo. Kodi ya mapato utakatwa, lakini makato ya Social Security na Medicare (bima ya afya ya wazee) hayawahusu walimu, intani na watafiti wengi wa J-1 katika miaka 2 ya kwanza ya kalenda, na wanafunzi katika 5 ya kwanza. Waajiri wengi wadogo hawalijui hili. Ukiona umekatwa, mwambie mhasibu mapema, kwa sababu kudai marejesho baadaye ni kazi ndefu.

Mpango ukiisha una siku 30 za kufunga mizigo na kutembea. Katika siku hizo huruhusiwi kufanya kazi, na ukivuka kwenda Canada au Mexico hutaruhusiwa kurudi ndani kwa J-1 hiyo; kama unataka kuona maporomoko ya Niagara, yatazame kutoka upande wa New York.